Jibu: Elektroniki za magari bado zina soko?

Ndugu, umeuliza kama kusomea elektroniki za magari bado kunalipa au soko limeshajaa. Halijajaa, linahama.

Tangu kampuni ya Bosch ilipotangaza mwaka 1986 mtandao wa CAN, unaowezesha vifaa vya gari kuwasiliana, kila kazi ya gari imekuwa ikipewa kisanduku chake, yaani kompyuta ndogo ya kuiongoza: breki, madirisha, injini. Magari ya kifahari yakafikisha visanduku zaidi ya 100 na nyaya zisizo na mwisho. Sasa watengenezaji wanavikusanya kwenye kompyuta chache zenye nguvu, na programu zinasasishwa kupitia intaneti. Anayejua kubadilisha kisanduku tu atabanwa. Anayesoma mawasiliano ya mtandao wa gari na kuandika programu atatafutwa sana.

Mimi ninaamini zaidi upande wa elektroniki za nguvu. Kwenye gari la umeme, inveta hugeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa kuendesha mota. Humo ndani transista (swichi za kielektroniki) za silikoni kabaidi zinachukua nafasi ya zile za silikoni, kwa sababu hupoteza nishati kidogo na huvumilia joto. Zinafaa hasa mifumo ya volti 800, kama ule wa Porsche Taycan ya 2019, inayochaji haraka bila kuhitaji kebo nene mno.

Usalama wa mitandao nao usiupuuze: tangu Julai 2024 magari mapya Umoja wa Ulaya yanatakiwa kukidhi kanuni ya R155 dhidi ya udukuzi.

Ningekuwa wewe, ningeanza na CAN, kisha inveta. Skrini za burudani zisubiri.