Je, namba nasibu (zisizotabirika) za prosesa zinaaminika?

Swali: Kaka, naandika programu ya kutengeneza funguo za siri kwenye seva ya Linux. Namba zinazotolewa na amri ya RDRAND ya prosesa zimefaulu vipimo vyote vya takwimu nilivyozipitishia. Naweza kuzitumia moja kwa moja?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Vipimo hivyo havijibu swali lako. Chukua kaunta ya kawaida, 0, 1, 2, 3, kisha kila namba uisimbe kwa AES, njia maarufu ya kusimba data, kwa ufunguo ninaoujua mimi. Matokeo yatafaulu vipimo vyako vyote, na bado nitajua kila namba inayofuata. RDRAND ya Intel, iliyoanza na prosesa za Ivy Bridge mwaka 2012, hupitisha kelele za umeme kwenye AES ndani ya chipu kabla ya kukupa chochote. Kelele zenyewe huzioni.

Wala si lazima awepo jasusi aliyeichezea chipu. Mwaka 2019 baadhi ya prosesa za Ryzen 3000 za AMD zilikuwa zikirudisha namba ileile, 0xFFFFFFFF, kila zinapoombwa, huku zikiripoti kwamba kazi imefanikiwa. Baadhi ya mifumo ya Linux ilishindwa hata kuwaka, na hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu hitilafu ilijulikana mapema. Programu inayotengeneza funguo ingeendelea na kazi kimyakimya. AMD walirekebisha kwa sasisho la BIOS, programu inayoiwasha kompyuta.

Wewe omba namba kwa getrandom(), ombi linalokwenda kwa kerneli, yaani kiini cha Linux. Kerneli huchanganya RDRAND na vyanzo vingine, kama vile nyakati ambazo vifaa hukatiza kazi ya prosesa, na tangu toleo la 5.17 mchanganyiko huo hupitia BLAKE2s, fomula ya kuvuruga data isirudishwe nyuma. Kikiwepo chanzo kimoja tu kisichotabirika, kibovu hakikudhuru. Tena getrandom() husubiri hadi mchanganyiko uwe tayari. Hilo la kusubiri nalisisitiza sana: mwaka 2012 watafiti waligundua ruta na vifaa vingi vidogo kwenye intaneti vikitumia funguo zinazofanana au zinazovunjika kirahisi, kwa kuwa vilizitengeneza mara tu vilipowashwa, kabla havijakusanya unasibu wa kutosha.

Ndiyo maana sikushauri uizime RDRAND. Ukiitilia shaka, weka random.trust_cpu=off kwenye vigezo vya kuwasha: kerneli itaendelea kuichanganya, ila haitaihesabu inapoamua kama iko tayari. Kwenye seva yenye shughuli nyingi hutaona tofauti. Kwenye kifaa kidogo, tarajia kuchelewa kidogo kinapowaka.