Maswali ya Wasomaji: Miche ya Usharika, Milingoti ya Parokia na Paa la Kanisa

Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu hupanda miche kama 500 kila Pasaka, lakini ikifika Oktoba mingi imekauka. Tunakosea wapi?
*Mzee wa kanisa, Kilolo*

Amina, mzee wetu. Kosa la kwanza ni tarehe. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, wakati mvua za kwetu huku Nyanda za Juu Kusini zinaelekea kukatika. Mche hupata wiki chache za unyevu, kisha unakutana na baridi ya Juni, upepo na jua la Septemba kabla mizizi haijashuka. Hamishieni siku hiyo kwenye majuma ya Majilio au mara baada ya Mwaka Mpya. Kwanza chimbeni mjiridhishe kuwa udongo umelowa hadi sentimita 30. Mvua mbili tatu za mwanzo hazitoshi.

Kosa la pili ni kiriba. Siku ya kupanda watu wengi na haraka nyingi, miche inafukiwa na plastiki yake. Mizizi inazunguka humo humo, na mti unaweza kufa mwaka wa pili bila mtu kujua sababu. Chaneni kiriba kwa wembe na msing'oe mche kwa kuvuta shina. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha. Udongo wa juu, ulio mweusi, wekeni kando, uchanganyeni na nusu debe la samadi iliyooza vizuri, urudi chini penye mizizi. Samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa.

La tatu ndilo zito: miche 500 haina mwenyewe. Kama mna jumuiya 12, kila moja ipewe miche mitano, jumla 60, na taarifa ya hali yake isomwe pamoja na matangazo ya mwisho wa mwezi. Kumwagilia si kazi ngumu. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya lita 1.5, kata kitako, ichomeke kichwa chini kando ya shina, jaza mara mbili kwa wiki tangu Juni hadi mvua zirudi. Kabla Juni haijaisha, limeni njia ya moto ya mita tano kuzunguka eneo lote, kwa sababu moto wa kuandaa mashamba ya jirani hauulizi mpaka. Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), chini ya Askofu Fredrick Shoo, iliingiza upandaji miti katika maandalizi ya kipaimara. Ni utaratibu mzuri wa kuiga, mradi kijana akabidhiwe mti wake na kuutunza.

Tumsifu Yesu Kristo. Parokia ina milingoti (mikaratusi) kando ya chemchemi, na maji yanapungua. Wengine wanasema tukate yote, wengine wanalilia mapato.
*Katekista, Mufindi*

Milele amina. Hapo msimamo wetu ni mmoja: milingoti iondoke kwenye chanzo. Hunywa maji mengi mwaka mzima, kiangazi kikiwemo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kwenye kingo za mito na mabwawa, kipimo kinachofaa kufuatwa hata kwenye chemchemi. Anzeni kwa afisa misitu wa wilaya kupata kibali cha kuvuna, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, kwa ushauri.

Kateni wakati wa kiangazi, kwa awamu mbili, ili mteremko usibaki wazi mvua zikianza. Visiki msiving'oe, mtafungua udongo uteremkie kwenye maji. Kateni chini kabisa, mbandue gome lote hadi ardhini, na machipukizi yavunjwe yakiwa bado machanga, tena na tena. Wanaokata mara moja wakaondoka hukuta vichaka vinene kuliko mwanzo.

Mahali pake pandeni mivengi (mizambarau ya porini) na mikuyu. Mbegu za mvengi hazihifadhiki: okoteni matunda mabivu, ondoeni nyama, pandeni ndani ya siku chache. Nyasi ziacheni. Na mkubaliane mapema na serikali ya kijiji, maana eneo likishakuwa wazi, mtu atafungua kinyungu (bustani ya bondeni) hapo hapo. Kuhusu mapato, milingoti mipya ipandwe mgongoni mwa kilima, mbali na maji na mashamba ya watu.

Tuna kanisa la bati. Je, tanki la lita 5,000 linatosha kuvuna mvua?
*Mwenyekiti wa kina mama, Mbalizi*

Mama, pigeni hesabu hii: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kanisa la mita 10 kwa 20, mvua ya milimita 20, ukitoa asilimia 20 inayopotea, ni lita 3,200. Tanki litajaa kwa mvua mbili. Kitakachowasumbua ni kiangazi. Fedha zikipatikana, ongezeni la pili.

Mifereji iinamie tanki nusu sentimita hadi moja kwa kila mita. Ikilala sawa, majani yanatuama na mbu wanazaliana. Maji ya kwanza hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo yaelekezeni kwenye pipa la pembeni la lita 50 kwa kila upande wa paa, lenye koki ya kumwagia baada ya kila mvua. Jukwaa la tanki lijengwe kwa mawe na saruji, lipimwe kwa pimamaji, kwa sababu lita 5,000 ni tani tano, na tanki lililoinama hupasuka kitakoni. Bomba la maji yanayozidi lipelekeni mbali na msingi wa kanisa.