Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Bolti ya Bei Nafuu kwa Ajili ya Nyati

SWALI: Ndugu mwandishi, nimekuwa nikiwinda swala pala na kongoni kwa leseni ya mkazi, nikitumia bunduki ya .30-06. Sasa nataka kuomba leseni ya nyati. Mzee mmoja ninayemfahamu anauza bunduki ya Kicheki, Brno 602, ya .375 H&H, ambayo kwa sura imechakaa, ingawa anaapa kwamba haijawahi kumwangusha. Kwa fedha zinazokaribiana na hizo naweza kuagiza bunduki mpya ya Kimarekani ya .375 Ruger, nyepesi, yenye kitako cha plastiki. Rafiki zangu nao wananiambia nisubiri nipate .458. Nichukue ipi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hiyo .30-06 ibaki kwa swala na kongoni. Kwa nyati, .375 ndiyo kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, ya chini inayokubalika Tanzania, na sababu yake si urasimu. Risasi ya .30-06 yenye uzito wa gramu 11.7 hutoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 3,900, ilhali ile ya .375 H&H, yenye gramu 19.4, hutoka na jouli zipatazo 5,700. Uzito huo ndio unaoiwezesha kuvunja bega la dume la nyati na bado kuendelea hadi kwenye mapafu.

Kuhusu .458, ambayo Winchester waliitoa mwaka 1956, sina ugomvi nayo, ila teke lake, yaani msukumo wa bunduki begani, ni kali, na mtu aliyezoea .30-06 huanza kufumba macho kabla hajavuta triga. Nyati aliyepigwa vizuri kwa .375 anakufa, aliyepigwa tumboni kwa .458 anaingia kichakani kukusubiri.

Zimebaki mbili. Risasi ya .375 Ruger, iliyotoka mwaka 2007, ina nguvu isiyopungua ya .375 H&H, lakini ganda lake ni fupi zaidi, kwa hiyo huingia kwenye bunduki yenye bolti (chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza risasi) ya urefu wa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa nafuu. Tatizo ni kwamba risasi za H&H, zilizobuniwa na kampuni ya Holland na Holland ya London mwaka 1912, utazikuta karibu kila kambi ya uwindaji, na ukipungukiwa utaazimwa; za Ruger huenda ukalazimika kuziagiza kila mara. Zaidi ya hapo, wepesi unaoufurahia dukani utaulipia begani, kwani bunduki ya kaliba hii inapaswa kuwa na kilo nne au zaidi ili mtu aweze kuipiga mara ishirini kwa siku akifanya mazoezi.

Jambo ambalo mimi ningelitazama kuliko yote ni bolti. Brno 602 inafuata mfumo wa Mauser wa mwaka 1898: ukucha mpana wa chuma hulishika tako la risasi mara tu inapotoka kwenye magazini, yaani kasha la risasi, na hauliachii hadi ganda litupwe nje. Bunduki nyingi mpya za bei nafuu zina bolti inayoisukuma tu risasi mbele, na ndoano ndogo hulinasa tako lake bolti inapofungwa. Ukiwa na hofu ukasukuma bolti nusu ya safari kisha ukairudisha, ile ya ukucha hurudi na risasi yake, lakini ile ya kusukuma huweza kuiacha risasi ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kwenda kuchukua ya pili, na hapo zote mbili zinakwama. Wako wawindaji bingwa wanaotumia bolti za kusukuma miaka mingi bila mkasa, nakubali, lakini wao mikono yao imeshazoea.

Kwa hiyo nenda kwa mzee, ila usiende na fedha siku hiyo. Nenda na risasi tano za mazoezi zisizo na baruti. Zijaze kwenye magazini, weka bunduki begani, elekeza mtutu mahali salama, kisha vuta na kusukuma bolti kwa nguvu zako zote, bila upole, na kila ganda liruke pembeni lenyewe. Usitumbukize risasi kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba, kwa kuwa ukucha wa Mauser haukuundwa kuruka juu ya tako la risasi. Kagua mti nyuma ya bolti, pale shingo ya kitako inapoanzia: ufa mwembamba kama unywele hapo ni kazi ya teke, na ni sababu ya kupunguza bei au kuondoka. Mtutu uumulike na uangalie kutu mdomoni. Mikwaruzo ya rangi na mti uliopauka puuza.

Angalia pia kizuizi cha usalama. Kwenye baadhi ya Brno za zamani hufanya kazi kinyume, yaani ukikivuta nyuma bunduki iko tayari kupiga. Niliwahi kumkosa nyati dume aliyesimama hatua sitini kwa sababu nilikisukuma mbele, kama nilivyozoea kwenye bunduki yangu nyingine, nikabaki navuta triga isiyosogea.

Usimkabidhi shilingi yoyote kabla ya taratibu za polisi za kuhamisha umiliki kukamilika.

SWALI: Je, ninunue darubini kubwa ya bunduki, au ile ya bei ya chini inatosha? — Msomaji, Iringa

JIBU: Kubwa hapana, ya bei ya chini hapana. Nyati hupigwa chini ya mita 100, mara nyingi karibu zaidi, hivyo darubini inayokuza kuanzia mara 1 au 1.5 hadi 4 au 5 inatosha kabisa, mradi jicho likae sentimita tisa au zaidi kutoka kwenye kioo. Vinginevyo teke litakupasua nyusi. Chagua vishikizo vinavyofunguka kwa mkono, ili ukilazimika kumfuata majeruhi kichakani uiondoe na kutumia vilengeo vya chuma.

SWALI: Mimi ni Mkenya, nataka kuwinda nyati mara moja tu maishani. Ninunue bunduki? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Usinunue. Kwenu uwindaji huo umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na bunduki hiyo ungeitumia safari moja. Ukija Tanzania, ikodi bunduki ya kampuni inayokupeleka, kisha omba siku nzima ya kulenga shabaha kabla ya kuingia porini.