Mnasihi wangu hanipi nasaha

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, nimekwenda kwa mnasihi mara tano sasa kwa sababu ya mashaka niliyo nayo kuhusu kazi yangu. Kila nikimuuliza niache au nisiache, hanijibu. Hunirudishia maneno yangu kama kasuku. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba nimechoka, naye akasema, “Umechoka, na nahisi kama unaogopa pia.” Nilinyamaza kwa muda mrefu, kisha nikakasirika. Je, huo nao ni ushauri, au napoteza wakati wangu? – Msomaji aliyechoshwa

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Huduma hii tumeiita “ushauri nasaha”, maneno mawili ambayo yote yanamwahidi mtu kwamba ataambiwa la kufanya, kwa hiyo si ajabu akishangaa kumkuta anayesikiliza tu. Kwa maelezo yako, mnasihi wako anafuata mkabala wa kiutu, uliokua Marekani katikati ya karne ya 20 miongoni mwa wanasaikolojia ambao hawakuridhika na njia mbili zilizotawala wakati huo: ile ya Freud, iliyomtazama mtu kupitia misukumo iliyofichika ndani yake, na ile ya wanatabia, waliomtazama kupitia thawabu na adhabu zinazomzunguka. Wawili kati yao, Abraham Maslow na Carl Rogers, walishikilia kwamba mtu ana uwezo wa kukua na kujichagulia njia, mradi apate mazingira yanayomruhusu.

Rogers alifundishwa hayo na kazi yenyewe. Alipokuwa akihudumia watoto na wazazi mjini Rochester, alikutana mara nyingi na mama wa mtoto mtukutu, akijitahidi kumwonyesha kwamba chanzo cha tatizo ni jinsi alivyomkataa mtoto huyo tangu udogo wake. Mama hakuliona hilo, na hatimaye wakakubaliana kwamba wameshindwa, wakapeana mikono. Alipofika mlangoni, mama aligeuka akauliza kama pale hupokewa watu wazima pia. Kisha akarudi kitini na kumwaga masikitiko ya ndoa yake, ambayo hayakufanana hata kidogo na maelezo yaliyopangika aliyokuwa akiyatoa awali. Hapo ndipo tiba ilipoanza, na Rogers akaondoka na funzo kwamba anayeumia ndiye anayejua panapouma.

Mwaka 1957 alitaja masharti ya kazi hiyo, na matatu kati yake yanamhusu mnasihi moja kwa moja: awe mkweli bila kuvaa sura ya bandia, amthamini mteja bila masharti, na azielewe hisia zake kana kwamba ni zake mwenyewe, bila kusahau kwamba si zake. Rogers aliamini kwamba masharti aliyoyataja yanatosha. Mimi naona alizidisha, kwa maana mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, kwa mfano, anahitaji pia mtu wa kuchukua hatua za kumlinda.

Ama kuhusu ukasuku, hoja yako ina uzito. Mwaka 1966 mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum alieleza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyomwiga mnasihi wa aina hii kwa kugeuza kauli za mtu kuwa maswali. Kurudia maneno, basi, hata mashine inaweza. Lakini isome tena barua yako. Wewe ulisema umechoka. Neno la kuogopa hukulitamka, yeye ndiye aliyelisikia nyuma ya maneno yako, nawe ukanyamaza kwa muda mrefu. Kasuku hafanyi hivyo.

Mtakapoonana tena, mweleze waziwazi kwamba ulikasirika, na kwamba kutojibiwa kunakuchosha. Akilipokea hilo na kutaka kujua zaidi, nakusihi uendelee naye, na huo woga uwe mazungumzo yenu ya kwanza. Akianza kujitetea, au akikujibu tu, “Kwa hiyo ulikasirika,” kisha akatulia, una kila sababu ya kutafuta mwingine.