Keki ya maziwa kumi

Dada, umeuliza kama keki ya maziwa matatu ya kule Mexico na Nicaragua, ile inayoloweshwa kwa maziwa ya aina tatu, inaweza kubeba aina kumi. Tuhesabu. Matatu ya asili ni ya kopo yaliyopunguzwa maji, ya kopo mazito yenye sukari, na krimu. Wenyewe wameshafika manne: wanaongeza yaliyochemshwa na sukari hadi yakawa rangi ya kahawia.

La tano weka ya mbuzi, la sita ya ngamia, la saba ya unga, la nane ya soya. Tui la nazi ningelipa namba tisa, ila Kiswahili chenyewe kimekataa kuliita maziwa, kwa hiyo linaingia kama mgeni mwalikwa. La kumi mursik, maziwa ya Wakalenjin wa Kenya yaliyochachushwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa! Hapo ndipo msiba: uchachu wake utayakatisha yale mengine, na mkaa wa kibuyu utaipa keki rangi ya jivu. Utakuwa umepika jibini lenye mayai.

Halafu ile keki hunyonya maziwa kwa sababu kwa kawaida haina siagi, ni mayai yaliyopigwa yakajaa hewa. Lakini kwa maziwa kumi usilete kisu, leta vikombe.