Pesa ya mgao, deni la duka na sahani ya mtoto

Mwenye duka ameshika kadi yangu ya benki mpaka nimalize deni. Pesa ya mgao wa chakula ikiingia, anaitoa yeye. Nifanyeje? (Mama wa watoto wanne, makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Kenya)

Mama, usikimbilie kubadilisha namba ya siri kabla hamjaelewana; pesa ikichelewa, mkopo wa duka ndio unaowalisha watoto. Kwanza deni liandikwe kwenye madaftari mawili, lako na lake: tarehe, bidhaa, bei. Kiongozi wa bloku awe shahidi. Kisha pendekeza mafungu: deni la shilingi 6,000 hulipika kwa 1,500 kila mwezi, miezi minne. Mkikubaliana, chukua kadi, ndipo ubadilishe namba ya siri. Akikataa, nenda dawati la malalamiko la shirika linalotoa pesa, na uiombe benki ifunge kadi hiyo ikupe nyingine.

Tunalisisitiza hili kwa sababu anayeshika kadi ndiye anayepanga bei. Huwezi kuvuka barabara kwenye duka la bei nafuu, wala kwenda sokoni kununua mboga. Unachukua unga na mafuta aliyonayo, na mtoto anakosa maharagwe na omena mwezi mzima.

Pesa taslimu ina tofauti gani na Bamba Chakula?

Bamba Chakula, mgao ulioanza kambi jirani ya Kakuma mwaka 2015, ulikuwa ukiingia kwenye laini ya simu na kununua chakula tu, tena katika maduka yaliyosajiliwa. Kalobeyei, kuanzia 2019, familia zikaanza kupokea pesa taslimu kupitia benki. Kwa mgao wa chakula pekee, mzazi anayehitaji sabuni, kuni au dawa huuza unga kwa hasara. Pesa taslimu humwondolea hasara hiyo.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu amekonda. Nimnunulie maziwa zaidi?

Apimwe kwanza. Mzingo wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali; kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Vyote viwili vinataka kliniki ya lishe, na miguu yote miwili ikivimba, mpeleke siku hiyohiyo. Pesa hufanya kazi yake baada ya matibabu: yai, ndengu na omena humzuia asirudi kulekule.

Pesa inarudisha watoto shuleni?

Kwa kiasi. Lebanoni, mwaka wa masomo 2016/17, familia za wakimbizi wa Syria zilipewa kila mwezi dola 20 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 9, na dola 65 kwa wa 10 hadi 14, kwa kuwa wakubwa ndio wanaotumwa kutafuta kibarua. Mahudhurio ya walioandikishwa shuleni yaliongezeka kwa zaidi ya nusu siku kwa wiki. Uandikishaji haukusogea sana: madarasa ya zamu ya mchana, waliyotengewa wakimbizi, yalikuwa yamejaa. Pesa hununua viatu na nauli, ila dawati lazima liwepo.