Uliza Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo): Baba anaganda mlangoni lakini kwenye harusi alicheza

SWALI: Shikamoo dada. Baba yangu ana miaka 71, aligundulika na Parkinson mwaka juzi na dawa anakunywa. Kutetemeka kumepungua ila kutembea ndo shida, anaburuza miguu, hatua fupi fupi, akifika mlangoni miguu inaganda kabisa hata umwambieje hainyanyuki. Sasa juzi kati kwenye harusi ya binamu yangu ngoma ilivyoanza mzee kanyanyuka, kacheza, kazunguka ukumbi vizuri tu mpaka baadhi ya ndugu wakaanza kusema huyu anajifanyisha mgonjwa ili ahudumiwe. Niliumia sana. Kweli inawezekana anaigiza? Na kama ni muziki unamsaidia, niutumieje nyumbani? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Baba haigizi, na hao ndugu waambie hivyo bila kuzunguka, maana maneno kama hayo yanamfanya mgonjwa aone aibu akajifungia ndani, na akiacha kutembea ndo hali inazidi kuwa mbaya.

Iko hivi. Kwenye Parkinson seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo, na dopamini ndo inayoisaidia sehemu ya ndani ya ubongo kuendesha vitu tunavyofanya bila kuvifikiria, kama kupiga hatua moja baada ya nyingine. Saa yake ya ndani imevurugika, hajui tena mguu unyanyuke lini. Mdundo wa nje unampa hiyo saa, kwa sababu sikio likishazoea mapigo linajua pigo linalofuata litadondoka wapi na mguu unajiandaa kabla. Umewahi kuona wavuvi wanavyovuta juya ufukweni, mmoja anaimba na wote wanavuta kwa pamoja bila mtu kuamrisha? Miguu ya baba ilifanya hivyo hivyo siku ya harusi.

Na hili limepimwa. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake wa Colorado State University, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Parkinson waliotembea na mdundo nusu saa kila siku kwa wiki 3, spidi yao ya kutembea ikapanda kama asilimia 25. Lakini mimi nikiongea na watu wa Moshi nawaambia hamna haja ya kwenda mbali, hapo jirani yenu wilaya ya Hai watafiti wa Uingereza pamoja na wenzao Watanzania walipita wakitafuta wenye Parkinson, wakakuta wengi hata hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, dawa ndo usiseme. Wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa wakafundishwa nyumbani kwao kutembea kwa mdundo na kuweka akili kwenye hatua, vipindi 9 vya nusu saa ndani ya wiki 3, na kutembea kwao kukawa bora, hata pale walipotakiwa kutembea huku wanafanya kitu kingine. Matokeo yalitoka 2010, na mpaka leo ukienda kwenye zahanati zetu nyingi hakuna anayekwambia habari hiyo, inaniuma kwa kweli, kwa sababu ni kitu kisichohitaji mashine wala hela nyingi.

Sasa ufanyeje. Chagua muda ambao kidonge kimeshashika, usimfanyishe mazoezi dawa ikiwa imeisha nguvu. Mahali pawe tambarare, toa mikeka na nyaya za umeme sakafuni. Mwache atembee kawaida yake, wewe hesabu hatua kwa dakika moja. Tuseme umepata 90, ingia kwenye simu pakua metronomu, yaani programu inayotoa mlio wa mapigo kwa mpangilio, zipo za bure kibao, iweke mapigo 90 kwa dakika. Aanze kwa kusimama na kuhamisha uzito kulia kushoto kufuata mlio, akishaupata ndo aanze kutembea. Mwambie apige hatua NDEFU, kisigino kitangulie, asikimbizane na mlio. Kwa mgonjwa ambaye hagandi unaweza baadaye kupandisha kidogo kama asilimia 10, ila baba anaganda, yeye msimharakishe, baki hapo hapo au shusha kidogo, ukimpandishia spidi hatua zitazidi kuwa fupi na atakimbilia mbele aanguke.

Mlangoni akiganda msimvute mkono na wala msimpigie kelele “tembea tembea”, hiyo inamgandisha zaidi. Asimame, apumue, ayumbe kulia kushoto na mdundo, moja mbili moja mbili, kisha anyanyue mguu juu aingie. Wengine wanabandika vipande vya utepe wa gundi wenye rangi sakafuni pale mlangoni avuke mstari kwa mstari, macho nayo yanasaidia kama masikio. Kugeuka asigeukie hapo hapo kwa kujizungusha, azunguke kwa duara kubwa huku anahesabu.

Wimbo pia unafaa, na kama ni ule wa harusini mtafutie huo huo, mtu akipenda wimbo hafanyi zoezi kwa kulazimishwa. Hakikisha tu ngoma inasikika wazi na haibadilishi spidi katikati.

Kitu ambacho familia nyingi hawaambiwi ni kwamba faida inapungua ukiacha. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 153 wa Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi uliotoka 2007 uliona hivyo, wiki 6 baada ya kuacha mafunzo sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeshapotea. Kwa hiyo usiihesabu kama dozi ya wiki 3 inayoisha, iwe ni sehemu ya siku yake, asubuhi akienda uani mdundo, jioni akienda kwa jirani mdundo. Na dawa asiache, mdundo haurudishi dopamini.

SWALI: Asalaam aleikum. Mamangu ana Parkinson, nimeskia kuhusu kutumia muziki lakini yeye ni mtu wa dini sana, muziki hataki kabisa uchezwe nyumbani. Tutafanyaje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Muziki si lazima, kinachofanya kazi ni yale mapigo yanayokuja kwa mpangilio. Mlio mkavu wa metronomu unatosha, au mjukuu apige makofi, au mama mwenyewe ahesabu kwa sauti. Kuna watafiti wa Washington University ya St. Louis, Marekani, wamepima mgonjwa akiimba mwenyewe, hata kimoyomoyo bila sauti, na wameona hatua zinatulia vizuri, na uzuri wa hiyo ni kwamba akiwa sokoni au njiani anakuwa nayo muda wote bila simu. Kwa hiyo kama kuna kaswida anayoipenda na ina mwendo ulionyooka aipitishe moyoni anapotembea, yeye mwenyewe ndo achague.

SWALI: Mambo dada, mume wangu alipata stroke, mguu wa kulia mzito, sasa ameanza kutembea na fimbo. Hii ya mdundo inamfaa? Nimuwekee nyimbo kwenye iafoni za masikioni azunguke barabarani? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Poa dada. Inamfaa ndio, timu hiyo hiyo ya Thaut ilijaribu kwa watu wa kiharusi ikatoa matokeo 1997, na wao shida yao kubwa ni mguu mmoja kuchelewa, mdundo unasaidia miguu yote miwili igawane muda sawa. Anza na spidi yake mwenyewe kama nilivyoeleza juu, na fizio anayemhudumia amwone kwanza akitembea, hasa kama goti linamlegea.

Iafoni barabarani HAPANA. Hapo Mbagala bodaboda zinapita mpaka pembeni ya njia, mtu aliyezibwa masikio na mwenye mguu mzito hawezi kuruka. Afanyie uani, simu iwe kwenye mfuko wa shati na sauti ifunguliwe, wewe utembee upande wake dhaifu, nyuma kidogo, umshike kwenye mkanda wa kiunoni sio mkono. Akichoka na hatua zikianza kuachana na mlio, mwache akae kwanza.